Nani Anashika Kopo? Michezo ya Kujifunzia na Siasa za Kanuni

Katika lugha yetu neno "mchezo" limebebeshwa mizigo inayopingana. Mtoto akizembea masomo tunamwambia aache mchezo, na jambo likiwa zito tunasema si la mchezo. Papo hapo, kina mama wa mitaani na maofisini wanaokusanya fedha kila wiki na kumpa mmoja wao kwa zamu husema kwamba wanacheza mchezo, na sijaona shughuli ya fedha inayoendeshwa kwa makini kuliko hiyo. Kiasi kinajulikana, zamu zinajulikana, na anayekwepa kulipa anajulikana mtaa mzima. Makala haya yanahusu mchezo kwa maana hiyo ya kina mama: shughuli yenye kanuni, zamu na matokeo, ambayo watu huiingia kwa hiari na kutoka wakiwa wamejifunza jambo kuhusu wenzao.

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza namna ya kubuni michezo ya kujifunzia. Tulianza na michezo ya ubao, tukaenda kwenye ile ya kompyuta na simu, na hivi karibuni tumegusa uhalisia pepe, yaani teknolojia ya kumvisha mtu miwani mizito na kumfanya ajione yumo mahali pengine. Kila mwaka wanafunzi huingia darasani na imani ileile, kwamba mchezo wa kuelimisha ni somo lililopakwa rangi. Huchukua ujumbe uliokwisha kuandikwa kwenye mabango, kama vile kutunza mazingira au kupiga vita rushwa, wakaufanya kuwa maswali ya kuchagua jibu, kisha wakaongeza nyota, muziki na kikaragosi kinachopiga makofi. Mchezaji akijibu sahihi anapewa nyota. Akikosea, anaambiwa ajaribu tena.

Hoja yangu ni kwamba mchezo hufundisha hasa kwa kanuni zake. Nani anaanza na nini? Nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi? Nani anaweza kushindwa, na nani hawezi kushindwa hata afanye nini? Maneno yaliyoandikwa kwenye kadi husahaulika jioni ileile, lakini mtu aliyekaa saa nzima akitii kanuni fulani huondoka na picha ya jinsi dunia inavyokwenda. Na kwa kuwa kanuni ni njia ya kugawa mamlaka, anayebuni mchezo anafanya kazi ya kisiasa, awe amekusudia au hakukusudia.

Historia ina mfano ulio wazi wa jambo hili. Mwaka 1904 mwanamke wa Kimarekani, Elizabeth Magie, alipata hataza ya mchezo wa ubao alioupa jina la The Landlord's Game, yaani mchezo wa mwenye ardhi. Magie alikuwa mfuasi wa Henry George, mwandishi wa masuala ya uchumi ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1879 alidai kwamba thamani ya ardhi huzalishwa na jamii nzima, na kwa hiyo kodi inayotokana na ardhi inastahili kuirudia jamii nzima. Magie hakuandika hotuba. Alibuni ubao, akauandalia kanuni za aina mbili. Kwa kanuni za kwanza, utajiri ukiongezeka kila mchezaji ananufaika. Kwa kanuni za pili, mmoja anahodhi viwanja vyote na wengine wanafilisika mmoja baada ya mwingine. Alitarajia kwamba mtu akizicheza zote mbili atajionea mwenyewe kuwa ufukara wa wengi hautokani na uvivu wao wala na mkosi, unatokana na kanuni.

Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ilinunua haki za Magie kwa dola 500. Mchezo uliosambaa duniani baada ya hapo, ukiitwa Monopoly, ulibeba sifa za mtu mwingine na ulibakiza kanuni za kufilisiana peke yake. Ubao ulikuwa karibu uleule: njia ya mraba, viwanja vya kununua, kodi za kulipa na jela kwenye pembe. Zilipobaki kanuni za aina moja, chombo kilichobuniwa kuwaonya watu dhidi ya uhodhi kikageuka kuwa burudani ya kuufurahia. Vizazi vya watoto wamejifunza sebuleni kwamba anayemaliza akiwa na kila kitu ndiye hodari.

Nikirudi nyumbani, nina mfano mdogo zaidi ambao umenifunza mengi. Kundi la wanafunzi wangu saba lilibuni mchezo wa ubao lililouita "Kisima". Wazo lilitoka kwa mwanafunzi aliyekulia katika kijiji chenye pampu iliyokufa. Wachezaji ni sita, kila mmoja mkuu wa kaya. Fedha ni vizibo vya soda. Katika kila mzunguko mchezaji hupata vizibo vitano, na kwa siri huamua ni vingapi atie kwenye kopo la matengenezo, ambalo kwa kweli ni kopo tupu la maziwa ya unga. Kisha hufunuliwa kadi ya pampu. Pampu ikiharibika, vinahitajika vizibo kumi na viwili kuitengeneza. Visipotimia, kila kaya inapoteza vizibo viwili kwa sababu ya kufuata maji mtoni, na pampu inabaki mbovu.

Kiini cha mchezo kiko kwa mweka hazina. Huchaguliwa kwa kura mwanzoni kati ya wale sita, hulipakata kopo, huhesabu peke yake, kisha hutangaza kiasi kilichomo. Kanuni hazimlazimishi kusema kweli. Wala kanuni haziwakatazi wengine kudai kopo limwagwe mezani na kuhesabiwa mbele ya wote, ila hakuna mahali wanapoambiwa kwamba wanaweza kufanya hivyo.

Tulipoucheza darasani mara za kwanza, mambo yalikwenda namna moja karibu kila mara. Mizunguko miwili watu huchanga vizuri. Wa tatu, kiasi kinachotangazwa hakilingani na kile ambacho kila mtu anakumbuka kuchanga, na macho yanaanza kukutana juu ya meza. Wa nne, michango inapungua. Wa tano, pampu inakufa. Nilipowauliza wanafunzi kwa nini waliacha kuchanga, hakuna aliyesema kwamba hakujua umuhimu wa maji safi. Walisema hawakuiamini hesabu. Hebu fikiria, msomaji wangu, ni kampeni ngapi umezisikia zikiwahimiza wananchi wachangie, zikianza na dhana kwamba asiyechangia ni mtu asiyeelewa. Kopo la maziwa lilitufundisha dhana nyingine: huenda asiyechangia ameelewa kuliko tunavyodhani.

Baadaye tuliupeleka mchezo huo katika kata moja ya pembezoni, tukaucheza ofisini na wananchi kumi na wawili pamoja na viongozi wao, meza mbili. Bahati ilimpa mtendaji wa kijiji nafasi ya kaya ya kawaida, na kura zikamweka mama mmoja muuza maandazi kuwa mweka hazina. Kufikia mzunguko wa tatu mtendaji alikuwa amesimama. "Mama, hesabu hiyo isomwe hapa mbele yetu!" Yule mama akaliweka kopo chini ya kiti chake na kumjibu kwa upole, "Mheshimiwa, si tulikubaliana taarifa itasomwa kwenye mkutano ujao?" Chumba kizima kiliangua kicheko, na mtendaji, namsifu kwa hilo, alicheka pia. Kicheko kilipokwisha palikuwa na kimya kirefu. Mzee mmoja akauliza, bila ukali wowote, ni lini mara ya mwisho daftari la maji lilisomwa mkutanoni. Sheria inautaka uongozi wa kijiji utoe hesabu kwa wananchi, na kila aliyekuwamo alilijua hilo. Hata hivyo nina hakika kwamba kama mzee yule angeuliza swali hilo bila mchezo kutangulia, angehesabiwa kuwa mkorofi. Kopo lilimpa ruhusa. Tarehe ya mkutano ilitajwa palepale. Sikuwapo siku hiyo, lakini niliambiwa kwamba daftari lilisomwa hadi ukurasa wa tatu, kisha mvua ikanyesha.

Habari za mchezo huo zilimfikia mfadhili, ambaye sitamtaja. Taasisi yake ilikuwa tayari kugharamia toleo la kompyuta, lichezwe kwenye vishikwambi katika wilaya kadhaa. Wawakilishi wake walikuwa watu waungwana na walipenda michoro. Walikuwa na masharti matatu tu. Mweka hazina aondolewe, na kopo lijihesabu lenyewe na kuonyesha kiasi waziwazi. Kila anayechanga apewe nyota. Na kaya zote zikichanga, pampu isikose kutengenezwa. Sababu waliyoitoa ni kwamba mchezo wa jamii unapaswa kubeba ujumbe chanya.

Wanafunzi walijadiliana kwa wiki mbili. Walinifuata wakitaka niamue, nikawaambia kwamba mchezo ni wao na uamuzi ni wao, lakini kwa maoni yangu kijiji chenye kopo la kioo ni kijiji kingine, na walichokuwa wakiombwa kukiondoa ndicho kilichomfanya yule mzee auliza swali lake. Niliwakumbusha pia kazi ya mwaka 2003 ya Gonzalo Frasca wa Uruguay, iitwayo September 12th, ambayo huwa tunaichambua darasani. Mchezaji anautazama kutoka juu mji wenye soko, raia na magaidi wachache. Anachoweza kufanya ni kurusha kombora au kuacha kurusha. Akirusha, raia wanakufa pamoja na magaidi, waombolezaji wanawalilia, na baadhi ya waombolezaji wanageuka kuwa magaidi. Hakuna nyota, hakuna kushinda. Mtu huelewa hoja nzima kwa dakika tatu, kwa sababu kanuni zimemnyima ushindi aliouzoea. Ujumbe chanya ungeliharibu funzo hilo.

Wanne kati ya wale saba waliukubali mkataba. Watatu walibaki na katoni na vizibo vyao. Siwalaumu wale wanne. Mmoja wao alikuwa akiwalipia ada wadogo zake, na hoja zangu hazilipi ada. Toleo lao limekamilika. Lina michoro ya kupendeza na sauti ya msimulizi mahiri, na nilipolicheza nilishinda mara ya kwanza. Limewafikia watu wengi. Toleo la katoni limechezwa katika vijiji unavyoweza kuvihesabu kwa vidole. Hapa ndipo penye ugumu ambao siwezi kuupamba: mchezo unaouliza swali la kweli ndio usiopata umeme, skrini wala gari la kuusafirisha, na ule uliong'olewa meno ndio unaoingia madarasani. Kabla ya kushangilia idadi ya vishikwambi vilivyogawiwa, inafaa tuulize ni kanuni zipi zimegawiwa pamoja navyo.

Wapo wanaoamini kwamba uhalisia pepe utatuvusha katika ugumu huu, kwa kuwa unampeleka mtazamaji moja kwa moja katika maisha ya mwingine. Imani hiyo ilipata nguvu mwaka 2015, Umoja wa Mataifa ulipoonyesha huko Davos filamu ya Clouds Over Sidra, inayomfuata msichana wa Kisyria wa miaka kumi na miwili katika kambi ya wakimbizi ya Zaatari nchini Yordani. Mtazamaji aliyevaa miwani hugeuza kichwa na kuwaona watoto wamemzunguka pande zote. Mwaka huohuo Chris Milk, mmoja wa waliotengeneza filamu hiyo, aliieleza teknolojia hii kuwa ni mashine ya kuzalisha huruma, na usemi huo umerudiwa mno tangu hapo.

Nimewahi kualikwa kwenye kikao cha namna hiyo hapa kwetu, katika ukumbi wa hoteli, ambako maofisa walivishwa miwani ili wakione kijiji kisicho na zahanati. Nami nilivaa. Nilimwona mama aliyebeba mtoto mgongoni akitembea kando yangu, nikaona vumbi la miguu yake. Ofisa aliyekaa jirani alivua miwani huku akifuta macho, na akasema kwa dhati kwamba lazima tufanye kitu. Nikaitazama ratiba: baada ya miwani palikuwa na chai, baada ya chai maneno ya kufunga. Kijiji chenyewe kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka pale. Mama aliyerekodiwa hakuwamo ukumbini, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kiswahili kimeliona jambo hili kabla ya wahandisi. Kitenzi "kuonea" kina sura mbili. Tunamwonea mtu huruma, na tunamwonea mtu kwa kumdhulumu, na ni neno lilelile. Anayemwonea mwenzake huruma anasimama juu yake kama anavyosimama anayemdhulumu. Nafasi haijabadilika, kilichobadilika ni moyo. Miwani ya uhalisia pepe hutupa kuona kwingi sana. Hata hivyo mtazamaji wa filamu ile hakuwa na uamuzi wowote wa kufanya wala hasara yoyote ya kupata, na mtu asiyeweza kupoteza chochote hajaingia katika maisha ya mwingine, amepita tu. Yule mtendaji wa kijiji aliyepoteza vizibo viwili alikuwa ndani zaidi ya maisha ya mwananchi wake kuliko ofisa aliyetokwa na machozi hotelini.

Sisemi haya kwa kuikataa teknolojia. Uhalisia pepe una mahali pake halali, hasa pale ambapo kujaribu kwa kweli ni hatari au ni ghali: muuguzi anayefanya mazoezi ya dharura ya uzazi kabla ya kumgusa mama aliye hai, zimamoto anayeingia katika jengo linalowaka, mwanafunzi wa sekondari ya kata anayefanya mtihani wa kemia bila kuwahi kushika bureti. Hapo mtu anafanya, anakosea na kurudia, wala hatazami tu. Kwa mwanafunzi huyo wa kemia, maabara ya kuigiza ndani ya simu ya kawaida itamfaa kuliko miwani moja inayosubiriwa na foleni ya wanafunzi arobaini.

Wala michezo kwenye vishikwambi si ya kubezwa. Hapa nchini kulifanyika jaribio kubwa la aina hiyo mkoani Tanga, katika shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, kwa miezi kumi na mitano, watoto wapatao 3,000 katika vijiji karibu 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Kwa mujibu wa waandaaji, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili mwanzoni, na idadi hiyo ilipungua kwa nusu hadi mwisho wa jaribio. Mwezi Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 ilitolewa kwa washindi wawili, Kitkit School na onebillion. Nayaheshimu matokeo hayo. Yanathibitisha jambo tunalolipigania vyuoni, kwamba mtoto hujifunza vizuri anapocheza katika lugha anayoiota usiku. Lakini tuyasome yote: waandaaji hao hao waliripoti kwamba asilimia 74 ya watoto wale hawakuwahi kuhudhuria shule. Kishikwambi kiliweza kumfundisha mtoto kulisoma neno "shule". Swali la kwa nini shule haikumfikia halikuwa katika programu, na lilibaki kwetu watu wazima.

Kwa hiyo nina ombi kwa makundi matatu ya wasomaji wangu. Wanafunzi, kabla hamjachora kikaragosi chochote, andikeni kanuni kwenye karatasi moja na muonyeshe kwa kidole ni nani ndani ya mchezo wenu mwenye mamlaka, na ni nani anayeweza kupoteza. Mkiona kwamba anayepoteza ni mwananchi tu kwa sababu ya ujinga wake, rudini mwanzo. Mna pia hazina ya nyumbani. Bao lenye mashimo 32 na kete 64 limewafundisha wazee wetu kuhesabu, kukadiria na kuvumilia, tena lina msamiati wake kamili, kuanzia namua hadi mtaji. Hamhitaji kusubiri maneno kutoka ng'ambo.

Wanaharakati, msiupeleke mchezo kijijini bila kutenga muda mrefu wa mazungumzo baada yake. Mchezo hufungua mdomo, lakini ni mkutano unaoandika azimio. Kama ratiba yenu ina saa mbili, chezeni kwa dakika hamsini.

Na ninyi watumishi wa umma, ambao ndio mtakaoletewa vishikwambi na miwani hii mkatie saini mapokezi yake: ombeni kucheza kwanza. Msicheze kama wageni rasmi. Ketini katika nafasi ya kaya ya kawaida, mchange vizibo vyenu, na mtu mwingine alipakate kopo. Kisha jiulizeni kama mngependa kusubiri mkutano ujao ndipo hesabu isomwe.

Naomba kuwasilisha.